Friji Haina Kiuno

Kiwanda kilipotimiza miaka arobaini
ya kuunda friji, pale Łódź,
kila mfanyakazi aligawiwa fulana.
Saizi moja. Kijivu. Mraba.
Bogumiła akaijaribu mbele ya kioo cha bafuni
akaona friji
yenye kichwa cha mwanamke.

Mabega yameshuka nusu ya safari ya kiwiko,
shingo inamkaba kama anayemdai,
na huku chini, nafasi
ya kumkaribisha jirani na mwanawe.
Kifuani, kwapa hadi kwapa,
neno jekundu: RAZEM,
yaani pamoja.

Pamoja!
Na mwezi uliopita walipunguzwa watu thelathini
wa upande wa milango.
Nao watapewa fulana? aliuliza.
Msimamizi akatazama saa yake.

Jumapili, theluji imekalia kingo za dirisha.
Sebuleni Zdzisław anatazama mashindano ya kuruka kwa skii,
kila kijana akiruka
naye huinua miguu kochini, kumsaidia.
Jikoni meza imefutwa, imekauka.
Fulana chini, juu yake blauzi aipendayo,
ile ya harusi ya Kinga,
na chaki inazunguka polepole.
Akaacha sentimita moja ya mshono,
halafu, akikumbuka alivyokula Krismasi,
akaongeza nusu.

Mkasi huu ni wa kitambaa.
Zdzisław aliwahi kuukatia kadibodi, mwaka wa tisini na nane,
na bado anakumbushwa.

Kwanza mikono: ikafumuliwa, ikalala mezani
kama soksi za jitu.
Kisha shingo. Hapo hakuna haraka,
bandu bandu huisha gogo,
na shingo ikishapanuka hairudi.
Akakata upana wa kucha, akajipima.
Wa kucha tena. Akajipima.
Mfupa wa bega ukachungulia,
mfupa aliousahau tangu kabla ya mtoto wa pili.

Akapiga bandi kwa uzi mweupe,
akaketi kwenye cherehani ya marehemu mama,
ya chuma, nzito kama ng'ombe aliyelala.
Mshono wa kwanza ukatoka na mawimbi
kama pindo la pierogi.
Kitambaa cha fulana ni kibishi,
ukikivuta kinakuja chote, kisha kinakununia.
Mama, aliyesimama miaka ishirini na tisa
kwenye kiwanda cha pamba ambacho leo ni maduka na sinema,
alikuwa akisema: usikivute, wewe kisindikize tu.

Fumua.
Fumua yote, uzi mmoja baada ya mwingine,
na chai inapoa.
Sindano ya kichwa cha mviringo. Mshono wa kombokombo.
Sasa kisindikize.

Zdzisław akaja kutafuta bia.
"Umeharibu mali ya kampuni."
"Ni yangu."
"Na neno lao?"
Bogumiła akainua nguo kwenye taa.
Mshono wa upande mmoja ulikuwa umemeza herufi mbili.
Ilibaki RAZ:
moja, kama mtu anapoanza kuhesabu,
au mara moja, kama mtu anapoapa.
Hakuwa amepanga hivyo.
Hakufumua.

Akaivaa.
Ikashika pale pa kushika, ikaachia pale pa kuachia,
ikajua kwamba mtu ana mbele na nyuma
na kwamba katikati hupinda.
Zdzisław akasahau kufunga mlango wa friji,
baridi ikamwagika miguuni.
"Geuka," alisema.
Akageuka. Sebuleni mtu alishinda medali,
hawakujua nani.

Jumatatu, chumba cha kubadilishia nguo,
Bronisława alimtazama juu hadi chini,
kisha bila neno akavua yake
akamrushia.
Kufikia Ijumaa alikuwa na saba ndani ya mfuko wa plastiki
na foleni ya vipimo nyuma ya karatasi ya zamu.

Vile vipande, mikono ya jitu, ukingo wa chini,
na kile chenye EM,
havikutupwa. Pamba hufyonza vizuri.
Jioni hufutia friji yake mwenyewe,
ambayo, tuseme ukweli,
ni ya kampuni nyingine,
ilikuwa nafuu.